Waya wa Shangazi Aikaeli

Hofu iliyomkimbiza Adelina siku ile aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na ndiyo maana ilimuuma mara mbili. Kazi yake maabara ilikuwa kuchanganya unga wa madini kwenye plastiki inayofunika nyaya za umeme, ili moto ukija plastiki isiwake. Na kweli, waya wao wa majaribio uliwashiwa kiberiti ukagoma kushika. Looh, alivyoringa! Alipokwenda Barking, pembeni mwa London, kumsalimia shangazi yake, Aikaeli, angeingiaje mikono mitupu? Akambebea roli zima la waya huo.

"Shangazi, waya wa hita yako umechunika. Mwite fundi akuwekee huu, hauogopi hata kiberiti."

Wiki chache baadaye, mwenzake Nasim akamwita kwenye hadubini. Unga haukukaushwa vizuri kabla ya kuchanganywa. Ulivuta unyevu, ukafanya madonge ndani ya plastiki, kama ugali wa mtu mwenye haraka. Moto wa nje waya ungeuzuia, sawa. Lakini penye donge umeme ungejitoboa njia polepole kutoka ndani, na hakuna ambaye angejua mpaka moshi utokee.

Adelina alichukua koti bila kuaga. Kwenye treni alimpigia shangazi, simu ikaita bure. Akapiga tena, bure. Mungu wangu, mtu mzima peke yake ndani, na hita haizimwi! Aliposhuka Barking alikimbia akiwapiga watu vikumbo, akagonga mlango kwa ngumi.

Shangazi akafungua, kitenge kiunoni, mzima wa afya, amenuna.

"Wewe mtoto, unanivunjia mlango? Simu iko chaji, mimi nilikuwa nasali."

Adelina akampita bila shikamoo, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu azaliwe, akapiga magoti penye hita. Waya ulikuwa ule ule wa zamani, umezungushiwa nailoni. Akakaa chini akalia kwa furaha.

"Asante Shangazi, hukuutumia!"

"Niutumie mimi, nimerukwa na akili? Kitu kizuri vile ni cha nyumbani."

Jamani, nani asiyewajua shangazi zetu wa Ulaya? Wao huku wanaishi na viraka, kizuri kinaingia kwenye sanduku la kwenda nyumbani.

"Nilimpa jirani yangu Ambrose aliposafiri kwenda kwetu," Shangazi aliendelea. "Fundi ameshampitishia wifi yangu nyumba nzima. Mama yako hakukwambia? Alitaka akushtukize."

Adelina akanyakua simu. Akampigia mama yake Machame, ikaita, ikaita.

"Mwanangu!" Mama alikuwa anacheka. "Umeshajua, eeh? Nyumba inang'aa! Hapa nimeweka maharage kwenye jiko la umeme, na wajukuu wamelala..."

"Mama, zima umeme wote! Pale kwenye mita. Halafu watoe watoto nje!"

"Mbona unanitisha? Maharage yenyewe hayajaiva."

"Mama, nakupigia magoti!"

Zikasikika kandambili zikienda mbio, mlango ukabamizwa, mtoto akalia. Shangazi Aikaeli alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kichwani.

"Nimezima," Mama alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Watoto ninao hapa nje. Lakini Adelina, mbona ukuta wa kitandani kwao unachoma mkono?"