Mkono Uliomgusa Bethia

Mama Dorkasi Pike aliingizwa kwenye nyumba ya ibada, iliyogeuzwa mahakama, akiburuta minyororo miguuni na mikononi. Nilikuwa nimemtumikia miaka minne, tangu ndui ilipowamaliza wazazi wangu, na kama siku ile wangemkuta na hatia, angenyongwa.

Walisema amemroga Bethia Lunt, binti wa jirani, tangu nguruwe wa kina Lunt walipofukua njegere zetu na Mama Pike akawatolea wenyewe maneno makali. Bethia alikuwa sakafuni chini ya mimbari, anajikunja na kupiga kelele.

"Mfungeni macho," hakimu, Bwana Averill, aliamuru. "Mchawi akimgusa aliyemroga, uchawi humrudia mwenyewe na mgonjwa hutulia. Tutaona."

Wakamfunga Bethia aproni usoni. Benchi letu la wanawake likaanza kunong'ona.

"Mtazame, hata chozi hana."

"Mchawi analia wapi, wewe?"

"Si ndiye aliyekuzalisha, mama?"

"Ndiyo maana naogopa!"

Mama Pike akasogezwa. "Bethia mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Nimekukosea nini?"

Akamgusa mkono. Bethia akatulia tuli. Watu wakashusha pumzi, karani akaandika.

Lakini mimi ni mtu wa kutazama. Nilimwona Bethia akitulia kabla kidole hakijafika. Alitulia mlio wa minyororo ulipokoma karibu naye.

Mama Pike aliporudishwa nyuma, Bethia akaanza upya. Hakimu akataka jaribio la pili. Nikasimama.

"Bwana mkubwa, chuma kimemchubua mama. Naomba nimshikie."

"Haya, fanya upesi, binti."

Nikaibeba minyororo, tukaenda pamoja, inalia kwa kila hatua. Tulipofika nikamminya Mama Pike kiwiko asimame. Kisha nikanyoosha mkono wangu mwenyewe, nikamshika Bethia.

Akatulia tuli.

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Mama Pike hajamgusa! Mkono ni wangu, bwana, tazameni!"

Nyuma mwanamume mmoja akacheka, akakatisha. Bwana Averill alinitazama muda mrefu, na nikaamini kabisa kwamba ameelewa, kwamba jioni ile tungekula uji wetu wa mahindi nyumbani.

"Mtoto ametulia kwa mkono wako," alisema polepole.

"Ndiyo, bwana."

"Basi mko wawili."

Bethia akajivua aproni. Tukatazamana. Alijua, nami nilijua kwamba anajua. Midomo yake ilicheza kama mtu anayetaka kusema kitu. Mama yake akamshika bega, akalibana.

Bethia akaanguka tena, safari hii akilia jina langu. "Mehitabeli ananichoma! Mwondoeni!"

Askari akanikamata mkono.

"Anayeungama hanyongwi," hakimu aliniambia, sasa kwa upole kabisa. "Tuambie tu nani alikufundisha."

Macho yote yakamgeukia Mama Pike. Naye akaniegemea sikioni. "Nitaje, mwanangu. Mimi nimeshazeeka. Nitaje uishi."

Karani alichovya kalamu akasubiri. Nikawaza kamba. Nina miaka kumi na tisa.

"Mama huyu alinifundisha kukamua ng'ombe," nikasema, "na kuoka mkate. Hakuna lingine, na sitaungama."

"Mfungeni naye minyororo," alisema Bwana Averill.