Futari ya Krismasi

Huku Bongwe sahani ya jirani hairudishwi tupu. Bi Ummi ndiye aliyenifunza hivyo tulipohamia. Kila Idi huniletea pilau, nami sahani yake huirudisha na mayai au sukari. Mara moja nilithubutu kuirudisha na chapati nilizopika mwenyewe. Kesho yake niliwaona kuku wake wakizigombania uani. Nilikasirika, nisidanganye.

Sababu naijua. Mume wangu, Jacktone, ni mhudumu wa baa katika hoteli moja kule Diani. Kanisani kwetu pombe hatuinusi, naye vinywaji vya wageni huvichanganya bila kuonja hata tone, lakini nenda ukamweleze nani? Watu watakwambia vyombo vyetu vina pombe, na lisemwalo lipo.

Krismasi hii niliapa kwamba Bi Ummi atakunywa kitu nyumbani mwangu, nimwone kwa macho yangu. Nikamwalika yeye na mumewe, Mzee Mbarak, waje baada ya sala ya alasiri. Nikaloweka ukwaju, nikasaga tangawizi, nikachuma nanaa. Kosa langu ni kumwachia Jacktone meza.

"Vero, relax," aliniambia. "Hii ndiyo kazi yangu."

Nilipotoka kuoga, nilitaka kulia. Ukwaju wangu ulikuwa umetiwa katika chupa za kijani zenye shingo ndefu, alizozitoa hotelini na kuzichemsha. Zilivishwa leso nyeupe shingoni na kulazwa kwenye ndoo ya barafu. Bilauri zilikuwa za mguu mmoja, midomo yake imepakwa sukari nyekundu, na juu ya kila moja kumesimama kimwavuli cha karatasi. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia hodi.

Nikawaamkia, wakaitikia, wakaketi. Jacktone, ndani ya kizibao chake cheusi cha kazini, akatikisa kopo la bati juu ya bega, akalirusha, akalidaka. Akamimina kinywaji chenye povu mbele ya Mzee Mbarak, akainama.

"Karibu, mzee. Hakina kilevi kabisa."

Hapo ndipo alipoharibu. Nani huapa kwamba maji hayana kilevi?

Mzee Mbarak alikitazama kimwavuli. Akakohoa. "Ahsante sana, mwanangu. Tungekunywa, lakini leo ni Alhamisi. Tumefunga sunna."

Bi Ummi aligeuka akamtazama mumewe kama mtu aliyepewa habari mpya. Kisha akainamisha kichwa. "Ndiyo. Tumefunga."

Asubuhi ile ile, nikitoka kanisani, nilikuwa nimemwona Mzee Mbarak kwa muuza kahawa, kikombe mkono huu, kashata mkono huu. Hasira zilinipanda. Halafu nikatabasamu.

"Mungu aipokee saumu yenu," nikasema. "Basi mtafuturu hapa hapa."

Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa. Bi Ummi mwenyewe ndiye aliyeniambia. Angeninyimaje?

Jua la Desemba liligoma kushuka. Mzee Mbarak alijipepea kwa kofia, macho yake yakiisindikiza barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Zile chupa nilimwachia Jacktone azinywe peke yake, naye akanuna. Nikaenda jikoni na Bi Ummi tuanze upya. Alivua bangili, akakamua ukwaju mpya kwa mikono yake, mimi nikatia tangawizi na sukari.

"Imekolea?" nikamsogezea kijiko.

"Nitajuaje, mwanangu? Nimefunga."

"Ah, kweli. Samahani." Nikaonja mimi. Nikaonja tena, nikilamba midomo polepole.

Adhana ya magharibi ilipoanza, Mzee Mbarak alikuwa keshashika tende. Niliwamiminia kutoka kwenye jagi la plastiki, katika vikombe vya bati. Mzee hakupumua mpaka kikombe kikaisha. Bi Ummi alikunywa, akafumba macho, akanywa tena. Alikunywa ndani ya nyumba yangu, kwenye kiti changu. Machozi yalinilengalenga.

"Vero," akasema taratibu, "hatukuwa tumefunga."

"Najua. Nilimwona mzee kwa muuza kahawa."

Mzee Mbarak akapaliwa. Bi Ummi akanitumbulia macho. "Ulijua, ukatuacha na kiu yote hii?"

"Yenu ni ya jioni moja, Bi Ummi. Mimi yangu ni ya tangu tuhamie."

Bi Ummi alikitazama kikombe chake, kisha akatazama dirishani, upande wa banda la kuku wake. Halafu akanisogezea kikombe nimtilie tena.

"Kesho nipikie zile chapati," akasema. "Kuku walizisifu sana."