Misumari Juu ya Meza

Dereva alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa wa uongo mtupu. Aliwatangazia watu wa nyumbani kwamba likizo hii anajifunza useremala, kwa hiyo ataanza na meza ya kupigia randa, nzito, isiyotikisika, kwenye banda la nyuma alikokuwa akiweka matairi ya lori. Ukweli ni kwamba useremala haukuwa umemkaa moyoni hata kidogo. Aliyemkaa moyoni ni baba yake.

Baba yake alikuwa seremala wa kutajika. Alipofunga karakana na kuhamia kwa bintiye huyu dereva, alikuja na sanduku la vifaa, akalisukuma chini ya kitanda, akasema, "Mimi na mbao tumeachana salama." Tangu hapo akawa mtu wa kiti cha ua. Mwanzoni alikuwa akikosoa kila kilichopita mbele yake: milango, magari, viatu vya watu. Baadaye hata kukosoa akaacha. Dereva akirudi safari humkuta amekaa vilevile alivyomwacha, kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua. Jambo hilo lilimuuma na kumtia hofu, maana alijua mtu akikaa hivyo hakai sana.

Basi akapanga hila. Seremala hawezi kuvumilia kazi mbovu. Ifanye mbele ya macho yake, atainuka hata akiwa na homa.

"Nitaharibu mpaka ashindwe kukaa," alimwambia mumewe.

"Kwa kuharibu, mke wangu," mumewe alijibu, "huna haja ya kujitahidi."

Kwanza alipima. Tangu utotoni alimsikia baba yake akisema meza ya seremala hupimwa kwa kiganja: mwenyewe asimame wima, mikono ining'inie, kiganja kiguse uso wa meza. Akamwomba mzee asimame mlangoni pa banda, eti azuie upepo usiufunge mlango, na kwa nyuma akapiga alama ya penseli kwenye fremu pale kiganja kilipofikia. Kisha akakielekeza kiti cha mzee bandani, akaanza kuharibu.

Akakata mguu mmoja mfupi kuliko mingine. "Baba, huu mguu umekuwaje?"

Mzee akanywa chai. "Mm."

Akapigilia ubao wa kuunganisha miguu ukiwa umekwenda upande. "Baba, hivi hapa pamenyooka?"

"Wewe ndiye uliye karibu napo."

Siku ya pili akashika msumeno meno yakiangalia juu, akakata hewa kwa bidii. Mzee alimtazama, akamgeukia mkwewe, akaomba sukari. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha mzee huyu hakikuwa na mshindo wowote.

Dereva akakata tamaa. Na kwa kuwa mbao zilishanunuliwa, akaona heri aijenge meza ya kweli. Mguu mfupi akautupa, akakata mwingine kwa kipimo cha ile alama ya mlangoni. Ubao akaunyoosha. Chini akaweka rafu na kuijaza vyuma chakavu vya lori, maana hilo alilijua kuliko seremala yeyote: mzigo ukikaa chini, gari halichezi. Akaisukuma meza kwa bega, ikamkatalia. Furaha ikamwingia bila hodi. Mwishoni akaweka mbao nene za juu, akazipigilia misumari mirefu, kichwa kimoja nyuma ya kingine, mstari umenyooka, unang'aa. Akamwita mumewe aje aone. Hila ilikuwa imemtoka kabisa kichwani.

Alikuwa akiugonga msumari wa mwisho aliposikia kiti kikianguka.

"Weka nyundo chini!"

Mzee alikuwa amesimama. Tena hakusimama kwa awamu kama kawaida yake. Alisimama kama mtu aliyeona mtoto akikimbilia barabarani.

"Misumari! Juu ya meza ya randa! Unataka kuniua?"

"Lakini Baba, nimeipanga vizuri, angalia mstari..."

"Hata ungeandika jina langu! Kisu cha randa kikikutana na kichwa cha msumari kinatoka mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza. Koleo liko wapi? Mkwe, sanduku langu liko chini ya kitanda. Usiliburute! Libebe!"

Mumewe akatoka mbio. Misumari ikang'olewa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na lawama yake. Mzee akatoboa matundu, akapigilia vigingi vya mti mgumu vilivyopakwa gundi, akashika randa. Mikono ikatulia juu ya chombo ilichokizoea. Maranda yakaanza kujikunja na kudondoka miguuni. Dereva akachukua ufagio, akafagia mahali pasafi, macho yake yasionekane yamelowa.

"Na ule mguu mfupi," mzee akasema bila kuinua kichwa, "na ule msumeno wa kichwa chini. Mtu anafunga mzigo wa lori zima usimwagike milimani, leo anashindwa kupima mguu wa meza? Nikasema ngoja nikae, nione mchezo unaishia wapi."

"Kumbe ulijua!"

"Uongo wako naujua tangu ulipokuwa unaiba sukari. Ule ulikuwa mchezo. Lakini hii misumari uliipenda, nikaona hapa mtoto anapotea kweli."

Akaweka randa kando, akajinyoosha, mikono ikaning'inia. Kiganja kikagusa uso wa meza sawasawa. Akakitazama kile kiganja, kisha ile alama ya penseli mlangoni.

"Hii meza ni ya nani?"

"Yangu, Baba."

"Wewe, mrefu kama twiga?"

Mzee akaipapasa meza taratibu.

"Simama mlangoni," akasema. "Mikono chini." Akapiga alama mpya kwenye fremu, juu ya ile ya zamani. "Tutaivisha viatu vya mbao miguuni, iinuke ikufikie."

"Baba, nimeijenga kwa ajili yako!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimeinuka. Lakini mimi nitaondoka, wewe utabaki nayo. Mgongo wako niliukuta mzima, sitauacha umevunjika kwa kuinamia meza fupi."

Machozi yakamtoka Dereva, na safari hii hakutafuta ufagio. "Sasa wewe utaifikiaje?"

Mzee alikuwa ameshainama kwenye vipande vya mbao, akichagua. "Nitatengeneza kibao cha kupandia. Ndiyo kazi ya kwanza ya meza hii. Shika upande ule. Na nyundo iweke mbali nawe."

Mumewe, aliyechoka kubeba sanduku, alikiinua kile kiti kilichoanguka, akakikalia ili atazame vizuri.

"Mkwe, inuka hapo haraka," mzee akamwambia. "Kiti hicho kinamzoesha mtu kukaa."