Washa Mbili Upande Mmoja

…si sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili nyuma ya injini, haiwezi kuwa sili ya nyuma, ingekuwa hiyo basi huku juu pangekuwa pakavu, na si pakavu, panang'aa, oili haina adabu, huvujia juu ikashuka kimyakimya, upepo wa barabarani ukaisukuma, ikaja kuning'inia kwenye maungio ya injini na gearboksi kana kwamba ndipo ilipozaliwa, na mtu mwenye haraka akaisingizia sili maskini ya Mungu… "usiulize palipolowa, uliza palipoanza kulowa," maneno ya Baba hayo, na Baba mwenyewe yuko hapo nje, kutoka huku mvunguni naona viatu vyake tu, cha kushoto kimefungwa kamba, cha kulia hakijafungwa, "Kijiti, umeona?" bado, Baba, bado kidogo… miaka thelathini na minne ninayo, nina watoto wawili, na bado naitwa Kijiti, eti nilikuwa mwembamba kama kijiti cha kupimia oili na kila penye injini nilichovya pua, Mama akilalamika kwamba msichana gani atakwenda shule na kucha nyeusi hivi, Baba akimjibu, "Mwache, kucha huoshwa, akili haioshwi"… tulia, weka tochi hapa, fuata poda, leo asubuhi nimeiosha injini yote, nikaikausha, nikainyunyizia poda, nikaiwasha dakika kumi ipate moto, maana turbo haisemi ukweli ikiwa baridi, oili huingia mle kwa nguvu, kidonda kidogo tu inarusha, na poda ni ya mkunga, mwenye gari hili, ameitoa kwenye mkoba wake wa kazi akicheka, "Hii huwapaka wateja wangu," basi injini nzima inanukia mtoto mchanga… anaongea na simu pale kwenye benchi, namsikia, "alale ubavu, mama, ubavu wa kushoto, asilale chali, mimi nakuja," utakuja na nini, dada yangu, na gari lako nimelivaa kifuani, na Baba amekwisha kukuambia kwamba ni sili ya nyuma, gearboksi ishushwe, siku mbili, ukajishika kichwa, "Siku mbili, mzee wangu? Watoto hawasubiri gearboksi"… michirizi inapanda, mmoja, miwili, inakutana nyuma ya turbo, inapanda tena, hapa, ndiyo hapa, kwenye boliti ya bomba linaloingiza oili, boliti yenye tundu, naipangusa kwa kidole, inalowa tena, naipangusa, inalowa, nimekupata, mwizi wewe, na tone moja likidondokea ekzosi iliyopata moto tungezungumza mengine kabisa, mkunga mlimani na moshi chini ya boneti… kwa nini inavuja, imekazwa, naona alama ya rangi nyeupe, kila boliti anayoikaza Baba huipaka nukta nyeupe asije akajiuliza mara mbili, kwa hiyo aliikaza yeye, ndiyo, wiki iliyopita, mimi nilikuwa nimempeleka mwanangu mdogo kupima macho, alibaki peke yake, ila nukta yenyewe haikukaa juu ya boliti, imekaa pembeni, juu ya chuma kitupu… na washa, ngoja, washa za shaba, vipete vya kuziba mvujo, ni mbili, moja huku ya kichwa cha bomba na moja kule, kichwa kikae katikati kama mtoto kati ya wazazi, hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anajua, na hizi… zote mbili zimekaa upande mmoja. Upande wa pili chuma kwa chuma.

"Kijiti! Umelala humo?" silali, Baba, nahesabu, na nikihesabu tena ni zilezile, mbili na sufuri, wewe uliyekuwa ukinifumba macho kwa tambara na kuniwekea washa viganjani, hii ya kumi na mbili, hii ya kumi na nne, hii imekwisha kutumika itupe, kwa kidole tu, bila kuangalia… vidole vyako, basi, ni vidole, nilijua, sikutaka kujua, juzi kikombe kilikuponyoka ukasema mpini una mafuta, na Mama siku hizi anakufunga vifungo vya shati, nikamtania nikamwambia mmerudia uchumba, akacheka, lakini hakunitazama… sasa niseme nini, naweza kusema washa zilikuwa mbovu, zimetoka dukani zimepinda, nani atajua, nazibadilisha dakika ishirini, mkunga anaondoka, Baba anasema "washa za siku hizi, upuuzi mtupu," tunakunywa chai, uongo mdogo, uongo wa mapenzi, mzazi hufunikwa… halafu keshokutwa anafunga breki za basi la shule, peke yake, kazi ile haruhusu mtu aiguse, watoto arubaini… la. Na mimi alinifunika? Gari la mwalimu lile, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilibadilisha oili nikasahau kukaza boliti ya chini, injini ikakauka njiani ikashika, haizunguki tena, Baba akasimama mbele ya mwalimu, "Kosa ni letu," hakusema la nani, lakini kesho yake alivuta kiti, akakaa, akaniambia bila kupaza sauti, "Hukukaza boliti ya chini. Utaifungua injini yote mwenyewe, mimi nipo hapa," siku tisa, nilimchukia siku tisa zote, na yeye siku tisa zote hakuinuka kwenye kile kiti ila kwenda kuniletea maji… nilidhani ananiadhibu, mjinga mimi, mtu anayekuadhibu haketi nawe siku tisa, alikuwa ananiambia kwamba wewe ni fundi, na fundi huambiwa ukweli, mgeni ndiye anayefichwa. Na mimi nimfanye mgeni baba yangu? Kwenye gereji yake? "Binti," anaita, na si sauti ya kuuliza, sauti inatetemeka pembeni, haniiti binti mpaka awe anaogopa, kumbe anajua, alijua alipokuwa akifunga, ndiyo maana kasema sili ya nyuma, kasema palipo mbali na mkono wake…

"Nimeona, Baba. Washa zote mbili zimekaa upande mmoja, kwenye bomba la turbo." "Nani alifunga?" "Wewe, Baba," na nimelisema kwa sauti ileile ninayomwambia chai iko tayari. Viatu havisogei. Kisha goti linatua sakafuni, goti la pili, mkono, kichwa chenye mvi kinaingia mvunguni, "Sogea," anasema, "nikushikie tochi," nami nasogea, boksi la kulalia halitutoshi wawili, bega lake limejibana kwenye bega langu, tochi inatikisika kidogo, inatikisika, lakini naona vizuri, Baba, naona kila kitu.