Meza Ndefu ya Hilkka

Duka la viatu lilifungwa, likafuata la samani, kisha benki ikahama. Katikati ya mji wa Koivulahti pakabaki majengo matatu yaliyoshikana, madirisha yamebandikwa magazeti, na manispaa ikataka kuyabomoa ili paegeshwe magari. Hilkka, aliyeuza viatu humo nusu ya maisha yake, akawaendea: nipeni vuli hii tu, nitayafanya soko. Shemeji yake Osmo, muuza samaki, alicheka mpaka akakohoa. Lakini mwanamke yule akishaamua jambo hana breki. Alitoboa kuta, akapaka rangi, akawabembeleza wauza jibini na uyoga mpaka wakaja, na Osmo mwenyewe akajikuta anapanga samaki palipokuwa na kaunta ya benki.

Wateja walikuja, wakanunua kimya kimya, wakaelekea kwenye kona ya kahawa. Hilkka alikuwa ameweka meza ndogo nzuri, kila moja na viti vinne. Basi kila meza ikapata mtu mmoja. Wengine walichungulia, wakaona pamejaa, wakarudi makwao. Kwa watu wa Koivulahti, kukaa meza moja na usiyemjua ni sawa na kuingia chumbani kwake bila hodi. Jumamosi ya pili ikawa vilevile, na ya tatu.

"Shemeji, hili si soko, ni maktaba," Osmo alimwambia. "Wiki ijayo ikiwa hivi, nafunga virago."

"Ukiondoka wewe, wote watakufuata. Tingatinga litaingia siku hiyohiyo."

"Najua. Lakini samaki hawanunuliwi kwa huruma."

Hilkka akaenda kutafuta bisibisi.

Jumamosi iliyofuata meza ndogo hazikuwepo. Alikuwa ameng'oa milango yote ya ndani, akailaza juu ya miguu ya mbao, ikawa meza moja ndefu iliyoishia ukutani. Kahawa ilikaa mwisho huu, maziwa katikati, mikate ya iliki kule mwisho. Mabenchi yalibanwa kiasi kwamba mtu akitaka kuinuka, lazima safu nzima isimame kumpisha.

"Una wazimu wewe!" Osmo akasema.

"Wataona aibu gani kubwa zaidi? Kuomba maziwa, au kuwasimamisha watu kumi?"

Mzee mmoja alikunywa kahawa chungu, uso umemkunjamana, maziwa yako mbali. Mwishowe akashindwa. "Samahani... maziwa."

"Nilikuwa nangoja tu uombe," mama wa mbele yake akamjibu. "Uso wako ulikuwa unanitesa!"

Benchi zima likacheka. Baada ya hapo mikate ikapita mikononi, na maneno nayo.

"Uyoga huu umeuokota wapi?" mmoja akamuuliza muuza uyoga.

"Msituni."

"Msitu upi?"

"Wenye miti," akajibu, maana penye uyoga hapatajwi kwa mtu.

Mchana samaki walikwisha. Osmo akachukua kahawa yake, akatazama meza, hapakuwa na nafasi. Alikuwa anageuka aende kunywea nje, yule mzee wa maziwa akamgusa jirani yake kwa kiwiko.

"Hebu sogeeni, muuza samaki akae."

Wakasogea wote, bega kwa bega, bila kununa. Osmo alizaliwa mji huu na hakuwahi kuona jambo hilo. Akakaa katikati ya watu wawili asiowajua, akamtazama Hilkka kwa heshima aliyomnyima miaka yote.

"Shemeji," akasema, "tafuta mlango mwingine. Meza hii ni fupi."