Mkono wa Bwana Harusi

Kitambaa cheusi kilitobolewa tundu moja, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Bwana Harusi alikaa nyuma yake juu ya kreti la soda, akapitisha mkono wa kushoto tunduni hadi kifundoni, akatulia. Upande wa pili, msichana wa poda aliupokea, akaufuta kwa pamba na kusafisha kucha moja moja. Kiganja kilikuwa cha kijana wa miaka ishirini na saba. Mwenyewe alikuwa na sitini na tatu.

Lilikuwa tangazo la sabuni. Mkono ulitakiwa uishike, uizungushe, uiweke chini. Ulifanya hivyo mara nne bila kukosea. Kijana mwenye kofia, ambaye ndiye alikuwa mwongozaji, akasema tumepata, twendeni tukale. Taa zikazimwa. Hakuna aliyekuja nyuma ya kitambaa kumwambia mzee kwamba kazi imekwisha. Giza ndilo lililomwambia.

Hapo studio walimwita mzee wa mkono. Watu wa rika lake bado walimwita Bwana Harusi, jina la sinema moja ya zamani, na jina hilo lilimganda kuliko alilopewa na mama yake. Alikuwa amecheza sinema arobaini na moja. Hakuigiza kama wengine wanavyoigiza, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akishaingia, ameingia, na hatoki mpaka asikie neno "kata" kutoka kinywani mwa mwongozaji mwenyewe. Kuna mwaka alicheza bubu, akakaa siku tisa bila kusema neno, na daktari wa meno akamng'oa jino ambalo halikuwa linauma. Binti yake alizaliwa wakati yeye ni mfungwa. Alikwenda hospitali mikono nyuma, akamtazama mtoto, akarudi kazini bila kumbeba.

Habari ya kiganja ni fupi. Miaka thelathini na sita iliyopita walikuwa wanapiga picha ya harusi. Kamera ilisogea ikaona mikono tu: bibi harusi wa sinema ameshika kiganja cha bwana harusi, pete imeingia. Simu ikalia ofisini. Mwongozaji akaenda kuipokea, na mwenye kampuni akamwambia kwamba kazi amepewa mtu mwingine. Basi akatokea mlango wa nyuma, akaenda zake. Wengine wakaenda kula. Bibi harusi alisimama kwa dakika kumi, akachoka, akaachia. Bwana Harusi alisimama mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Sinema ilimalizwa na huyo mwingine, lakini ile picha ya mikono haikukatwa na mtu. Kwa hiyo kiganja kilibaki humo. Hakikuzeeka. Kila saa kumi jioni kilitoka jasho, kwa sababu taa za siku ile zilikuwa kali. Pete yake ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu haikutoka hata kwa sabuni, na kwenye matangazo waliiacha, maana mkono wenye pete huuza vizuri. Yule bibi harusi wa sinema alipofariki, kiganja kilipoa siku tatu. Mke wa Bwana Harusi alikivalisha soksi ya sufu.

Yeye na mke huyo walikuwa wameoana miezi miwili tu kabla ya picha ile. Mwanzoni alijaribu kusema kata yeye mwenyewe, jikoni, chumbani, hata mara moja kwenye foleni ya benki. Haikusaidia, yeye hakuwa mwongozaji. Baadaye akazoea. Wageni walipouliza, alisema ameolewa na mtu mzima kasoro kiganja, wageni wakacheka, yeye akaenda kuleta chai.

Shida ilianza mke alipoanguka na kuvunjika nyonga. Kila asubuhi alihitaji kuinuliwa kitandani, na kuinua mtu kunataka mikono miwili. Wa kulia wa Bwana Harusi ulikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Ugonjwa huo ndio ulioiondoa sura yake kwenye sinema: kila akishika kikombe, vinasa sauti vilisikia kikombe kuliko maneno. Wa kushoto ulikuwa na nguvu zote za dunia, ila ukifika mgongoni mwa mke wake vidole vinafunguka. Si kwa ubaya. Ulikuwa na mtu wake. Mama wa watu akateleza hadi sakafuni mara mbili ndani ya wiki moja.

Siku ya Alhamisi binti yao alikuja kwa basi la saa kumi, na begi tupu. Alimsalimia baba yake, akakaa kando ya mama yake, akamkagua michubuko kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Halafu akasema:

"Baba, Jumapili mama nakwenda naye kwangu. Kuna kitanda kimoja cha ziada. Kimoja tu."

Bwana Harusi akamwambia kwamba asubuhi moja atazoea tu, kwamba atafunga shuka kiunoni mwa mama, atavuta kwa meno ikibidi.

"Katafute aliyekuacha humo, akutoe."

"Mwanangu, huu mkono ndio unatulisha."

"Unamlisha nani, baba, na mama yuko sakafuni?"

Mama akasema wapunguze sauti, yeye nyonga ndiyo mbovu, masikio mazima.

Kesho yake Bwana Harusi alikwenda kwa mwongozaji wa zamani. Huyu aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe, macho yalishazima, redio imewekwa shavuni kama mto. Hakuuliza nani. Alinyoosha mkono, akakipapasa kiganja, akaigusa pete.

"Bado kina jasho," alisema.

"Saa kumi hii, kaka."

"Siku ile nilikwambia ushike taratibu. Ulishika kama unakamata kuku. Nilitaka turudie."

Na hapo, aibu yake mwenyewe, moyo wa Bwana Harusi ulianza kwenda mbio. Ilikuwa miaka mingi hajaambiwa turudie. Walikuwa wanamwambia tumepata, halafu wanazima taa. Alijua hasa jinsi ambavyo angeshika safari hii: kidole gumba kitangulie, vingine vifuate polepole. Mwongozaji alikuwa amekaa wima, ameshainua kidole kimoja, tayari kusema anza. Ingechukua dakika mbili. Au miaka mingine thelathini na sita.

"Mke wangu hawezi kuamka," Bwana Harusi alisema. "Jumapili anachukuliwa."

Kidole cha mwongozaji kilibaki juu. Redio ikasoma bei za mbolea. Kisha akakishusha.

"Kata," alisema, kama mtu anayeomba dirisha lifungwe.

Jasho lilikauka kwanza. Halafu mishipa ikapanda, ngozi ikalegea, madoa yakajitokeza moja baada ya jingine, na kwenye muda wa kunywa kikombe cha chai kiganja kikawa kimewafikia wenzake. Pete ikaanguka, ikabingirika hadi mvunguni mwa kitanda. Hawakuitafuta.

"Mwaka huu sidhani kama nitaumaliza," mwongozaji alisema. "Ukiingia tena humo, nani atakukatia?"

"Kuna mtu nyumbani anajua kusubiri kuliko kamera."

"Basi mwambie kazi nimempa."

Jumapili asubuhi, binti akiwa mlangoni na begi lake, Bwana Harusi alipitisha mikono yote miwili mgongoni mwa mkewe. Mmoja ulitetemeka, mwingine ulishika. Mama akakaa, kisha akasimama. Akiwa bado amekumbatiwa, akasema kwamba mkono wenyewe mgumu kama jiwe la kusugulia miguu, amesubiri miaka yote hiyo kumbe ni hili.

Binti aliondoka na begi tupu kama alivyokuja. Msamaha hakuacha. Aliacha agizo: atapiga simu kila siku saa moja asubuhi, na siku mama akisema bado yuko kitandani, anakuja na gari.

Baada ya wiki mbili studio wakaita. Kijana mwenye kofia alikitazama kiganja, akauliza ule mwingine uko wapi. Akaambiwa umekwisha. Akajikuna chini ya kofia, akasema si neno, kuna tangazo la dawa ya viungo, wanataka mkono wa mzee. Bwana Harusi akauliza, mara moja tu, kama safari hii hawawezi kupiga na sura, maana sasa sura na mkono ni vya mtu mmoja. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba sura imeshapatikana. Na kweli ilikuwepo pale, kwenye kiti, kijana wa miaka thelathini, msichana wa poda anampaka mvi.

Kitambaa kilikuwa kilekile, na tundu lake. Nyuma yake, safari hii, kulikuwa na makreti mawili. Kwenye la pili alikaa mke wake, mkongojo magotini, maana kazi alishapewa.

Mkono ulishika chupa ya dawa, ukaizungusha, ukaiweka chini. Tumepata, twendeni tukale. Taa zikazimwa, miguu ikaelekea mlangoni. Bwana Harusi hakusogea, kiganja bado kiko upande wa pili.

Mke wake alingoja aone kama kuna atakayerudi. Aliwapa muda wa kutosha. Alisikia sahani, alisikia vicheko, alisikia mtu anauliza pilipili iko wapi.

"Kata," alisema.

Mzee akautoa mkono tunduni, akaupitisha mgongoni mwa mkewe, akamwinua.