Kiti cha Dirishani

Tangu asubuhi Rwamba alikuwa hatulii. Aliosha sufuria zilizokwisha kuoshwa, akafagia ua uliokwisha kufagiwa, akaenda langoni tena na tena kutazama barabara ya Kianjokoma kana kwamba ana mgeni anayemtarajia. Lakini wageni wa maombi ya safari walikuwa bado sana. Mama yake, Nelius, angesafiri Jumamosi kwenda ng'ambo kumwona mjukuu, na katika boma lile mtu haondoki kwa safari kama hiyo kimyakimya kama mwizi wa kuku.

Tena huyo hakuwa mjukuu hivi hivi. Mutegi, kaka yake Rwamba, alikuwa amepata binti wa kwanza, na kwa Waembu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Kwa hiyo kulikuwa na Nelius mwingine duniani, hana jino hata moja, na Nelius wa Kianjokoma alikuwa amewatangazia wachuma chai wote kwamba anakwenda kujiona. Tiketi alinunua Mutegi. Kiti kiwe cha dirishani, mama alisisitiza, asije akazibwa na kichwa cha mtu.

Rwamba ndiye aliyeisoma tiketi hiyo kwenye simu, na alipofika palipoandikwa aina ya ndege, akairudia kuisoma mara mbili. Ndege hizo alizijua kama mtu anavyomjua ng'ombe aliyemkamua. Alikuwa mkaguzi kwa miaka huko ng'ambo, katika kiwanda kinachoziunda. Kazi yake ilikuwa kumulika tochi kwenye matundu ya ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha vipande vya mwili wa ndege. Tundu likitobolewa pana kupita kiasi, ribiti haishiki vizuri. Kipande hicho ni cha kutupwa. Lakini kazi ilikuwa imechelewa, wanunuzi wanalalamika, wakubwa wanawafokea wadogo, na Rwamba akaanza kukuta matundu mapana yamejazwa gundi na kupakwa rangi, yanang'aa kama bibi harusi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini pale kila mtu aliomba kimuumbue mwenzake wa zamu inayofuata.

Alisema. Supavaisa akamwambia anachelewesha wenzake. Akasema tena, akahamishiwa stoo kuhesabu glavu. Hakuna aliyemtukana. Walimnyamazia tu, wakaacha hata kukaa naye mezani wakati wa chakula, mpaka akafungasha vitu vyake akarudi nyumbani, akawaambia watu kwamba baridi ya kule imemshinda.

Sasa serikali ya kule ilikuwa imeanzisha uchunguzi, na mpelelezi alikuwa amempigia simu kumwomba aeleze aliyoyaona. Rwamba alimwambia angempigia, kisha hakupiga. Sababu yake ilikuwa na jina: Mutegi. Mutegi ndiye aliyemtafutia kazi ile, naye bado yuko pale kiwandani, anafunga viti vya abiria. Dada akifungua mdomo, kaka atafungiwa mlango, na kitoto kichanga kiko mikononi.

"Hizo ndege zinaruka kila siku," Mutegi alimwambia juzi. "Umewahi sikia moja imeanguka? Wachana na mama, usimtie wasiwasi."

Na kweli, hata moja haikuwa imeanguka. Hilo ndilo lililomtesa Rwamba. Angejua kwamba itaanguka, angelala mlangoni mama asitoke; angejua kwamba haitaanguka, angelala kitandani kama watu wengine.

Wageni wakafika: akina mama wa kanisa, mjomba Njuki, na Mzee Runji aliyeongoza maombi. Wakala mukimo na nyama, kisha wakaanza kumbariki msafiri, kila mtu kwa zamu yake, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Sharti lilikuwa moja, na halikuhitaji kutajwa: mbele ya msafiri hutamki baya. Neno baya huwa kirumi, laana, na msafiri akipatwa na jambo, wewe uliyelitamka ndiye uliyemroga. Rwamba alilifikiria hilo akashikwa na hasira. Kule kiwandani nako ilikuwa hivyo hivyo: aliyelitaja tundu ndiye aliyehesabiwa kulitoboa.

Zamu yake ikafika.

"Mama," alisema, "usipande hiyo ndege."

Mjomba Njuki aliweka kikombe chini. "Rwamba, hayo ni maneno gani mbele ya msafiri? Rudisha hayo maneno."

Hakuyarudisha. Alieleza yote, matundu, gundi, rangi, stoo na simu ya mpelelezi. Mzee Runji akainamisha kichwa. "Tuombe," akasema, akitaka kulifunika jambo.

"Mzee, ngoja kidogo," Nelius alisema. "Mungu haendi mahali." Akamgeukia binti yake. "Hizo matundu uliona na macho yako, ama uliambiwa?"

"Niliona, Mama. Niliweka kidole."

"Kwa hivyo si baridi ilikushinda."

"Si baridi."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Mutegi abadilishe tiketi. Kuna ndege za aina ingine." Rwamba alihisi kifua kikifunguka. Mama alikuwa amemsikia.

Nelius akafikiri. "Na ile kiti yangu ya dirisha? Itaenda hivyo tupu?"

"Hapana. Watauzia mtu mwingine."

"Mtu gani?"

Rwamba akaitazama tiketi kwenye simu.

"Mama ya mtu," Nelius akajijibu.

Nelius alikuwa amekaa miaka mingi kwenye kamati ya kituo cha kununulia chai. Pale, majani magumu yakipatikana chini ya gunia lako, hakuna kujitetea: linamwagwa sakafuni mbele ya majirani, na unachambua upya jani kwa jani, hata kama wewe ni mke wa pasta. Aliwahi kumwaga gunia la dada yake mwenyewe. Dada alimnunia mpaka Krismasi.

"Huyo mtu alikupigia, mpigie," alisema. "Mwaga gunia."

"Mama, watamfuta Mutegi."

"Najua." Alitazama picha ya yule Nelius mdogo, iliyobandikwa ukutani juu ya redio. "Mutegi nilimzaa mimi, nitamwambia mimi. Pengine hatanilipia tiketi ingine. Pengine huyu nitamwona akiwa na meno yote." Akamgeukia Rwamba. "Piga hapa hapa. Sisi sote tusikie."

Rwamba akaitafuta namba, akapiga, na simu ikaanza kuita. Mjomba Njuki alitazama dari. Nelius akaivua sweta mpya ambayo kanisa lilimnunulia kwa ajili ya baridi ya ng'ambo, akaikunja vizuri, akaipakata.